Mwaka wa Kuongeza Besi

Ujumbe wa Mwalimu Prosperi ulinikuta nimevaa hedifoni, nimeinamia kompyuta, nagombana na wimbo wa harusi wa watu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama wazee wengi wanavyoandika kwenye simu: MZEE ALOISI AMETUTOKA ASUBUHI HII. MAZISHI JUMAMOSI KILEMA. NJOO NA ULE WIMBO. Hakusema wimbo gani, na hakuwa na haja ya kusema. Nilivua hedifoni, nikasimama, nikakizunguka chumba, nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kulifunga bila kuchota kitu, nikarudi. Ndivyo nilivyo. Jambo likinigusa siwezi kukaa. Mume wangu husema mimi nitazikwa huku natembea. Nimevuka hamsini sasa. Nina chumba changu cha kuchanganyia sauti hapa Moshi, kwaya zinaniletea kazi toka Rombo mpaka Machame, na watu wananiita fundi. Lakini ujumbe ule ulinirudisha kwenye mwaka mmoja ambao ufundi nilikuwa nimejipa mwenyewe, mwaka wa kiherehere, ambao sijawahi kumsimulia mtu wote mzima, kwa sababu kosa lenyewe ni la neno moja na ukilisema haraka watu wanacheka. Hata mimi nacheka. Halafu nanyamaza.

Habari za nyumbani kwetu naziacha, kwa kuwa hazina hatia katika hili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kutia huruma, ila na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Kaka Rogati, ambaye hakuwa kaka yangu ila ndivyo wote tulivyomwita, alikuwa na studio ya kurekodi Pasua, mtaa mmoja wa hapa Moshi, chumba kimoja tu nyuma ya mashine ya kusaga, na alitaka mtu wa kuandika majina ya nyimbo kwenye karatasi za kaseti. Kuta za chumba kile alizibandika trei za mayai toka chini hadi darini. Dirisha lilikuwa moja, nalo limezibwa kwa godoro. Unga wa mahindi uliingia kusikoingilika, ukakaa kwenye vitufe vya mitambo, kwenye nywele, kwenye chai. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuupangusa kwa brashi ya kupakia rangi. Mashine ya kusaga ikishaanza kunguruma, chumba kizima kilitetemeka na hakuna sauti nene ambayo ungeweza kuipima kwa haki. Kwa hiyo kazi ya kuchanganya sauti ilingoja msagaji aende kula. Wenzangu wa studio walikula makande yao wamekaa kwenye zulia, wanabishana habari za mpira. Mimi nilikula nimesimama mlangoni, sufuria mkononi, naangalia barabara.

Nilipandishwa cheo na sikio. Siku moja tulikuwa tunarekodi tangazo la duka, nikamwambia Kaka Rogati kuna nyuki ndani ya waya. Alinicheka. Halafu akavaa hedifoni, akafumba macho, akaanza kufuatilia waya mmoja baada ya mwingine mpaka akaukuta uliolegea. Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha. Alikuwa mtu wa muziki wa dansi huyo, na somo lake lilikuwa moja, analirudia kila siku kwa maneno mapya: mwimbaji anasikilizwa, lakini watu wanaichezea besi, besi ikikosa, wimbo hauna miguu. Kwa besi alimaanisha gitaa la besi. Pasua nzima, ukisema besi, ni gitaa. Hakuna aliyekuwa na besi nyingine. Nikalishika somo hilo kama katekisimu. Nikawa nalisema hata kwa wateja, na mafundi cherehani wa jirani wakanibatiza Sesi wa Besi, maana jina langu ni Sesilia na hawakuwa na kazi nyingine ya kuipa midomo yao. Na mimi nikalipenda hilo jina, nikavimba kichwa nalo.

Kitu kilichonifanya nisitulie mwaka ule kilikuwa Dar es Salaam. Kaka Rogati alikuwa na mwenzake huko, wangefungua studio kubwa mwisho wa mwaka, na aliniambia akiona nimeiva atanichukua. Jamani. Nilifunga begi mwezi wa tatu. Safari ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, na mimi nguo zangu ziko kwenye begi tangu kwenye masika, kila nikitaka blauzi nafungua, natoa, nafunga tena. Nilikuwa nimeshaiona Moshi yote na nimeichoka: stendi, soko, kona ya mafundi baiskeli, mlima ukijifunika na kujifunua juu ya vichwa vyetu. Niliamini maisha yamewekwa mahali fulani na mimi nimechelewa. Kazi ambayo ingenipeleka, Kaka Rogati alisema wazi, ilikuwa kaseti ya kwaya ya parokia huko Kilema. Angenipa niichanganye mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Ikisimama, na mimi nimesimama.

Tulipanda Kilema mvua za masika zilipoisha, mitambo imefunikwa kwa turubai nyuma ya pikapu. Mashine yetu ilirekodi njia nne kwenye kaseti moja, kila njia peke yake, ili baadaye uamue kipi kipande na kipi kishuke. Wanawake tuliwapa njia ya kwanza, wanaume ya pili, kinanda ya tatu, na gitaa la besi ya nne. Mwalimu Prosperi, aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Kila kitu alikiandika kwenye karatasi za daftari la hesabu, zile za miraba, hata jambo ambalo angeweza kugeuka tu akalisema. Mpiga gitaa alikuwa kijana anaitwa Gaudensi, toka Marangu, gitaa la kuazima, kishimo shavuni. Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshazeeka: nilimpenda Gaudensi siku ile nzima, toka saa tatu asubuhi mpaka tunafunga turubai. Sasa anauza vipuri Himo na ana kitambi.

Mwisho wa mstari wa wanaume alisimama mtu mfupi, mpana, amefunga kitambaa shingoni ingawa ukumbini kulikuwa na joto. Huyo ndiye Mzee Aloisi. Chini ya kitambaa kulikuwa na rovu, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na alipogeuza kichwa uliona linavyomsumbua. Mwalimu akainua mkono, wakaanza. Nimesikiliza sauti maisha yangu yote tangu hapo, na bado sijui namna nzuri ya kuisema ile. Sikuisikia kwa masikio kwanza, niliisikia kwenye benchi nililokalia. Ilikuwa chini, pana, haina haraka, na wale wanaume wengine wanne waliokuwa wanaimba mstari mmoja naye walikuwa wanamwegemea. Ukimwangalia usoni hakuwa anafanya kazi yoyote. Kaka Rogati alinitazama, akatikisa kichwa, akaongea kwa midomo tu bila sauti: umesikia? Nikaitikia nimesikia, huku macho yangu yako kwenye vidole vya Gaudensi.

Mchana kina mama wa parokia walitupikia mtori wa ndizi, wakautoa kwenye mabeseni ya bati, mzito, nyama zimeiva mpaka zinajiachia zenyewe. Nilikwenda jikoni kufuata chumvi. Ndani mlikuwa na moshi na wanawake watatu, wanazungumza nusu Kichagga nusu Kiswahili, na mmoja wao alikuwa Mama Felista, mke wa Mzee Aloisi. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba daktari amesema rovu limeanza kubana njia ya hewa, lazima likatwe, na kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo kisu kinapopita. Anaweza akatoka nayo, anaweza akatoka bila. Mmoja akauliza, na mwenyewe anasemaje? Mama Felista akakoroga chungu kidogo kabla ya kujibu. Alisema mwenyewe amekubali kukatwa, ila ameomba kwanza awekwe kwenye kaseti. Yote hayo niliyasikia. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli langu, Kichagga changu cha mjini kikinitosha kabisa. Halafu Gaudensi akapita mlangoni anauliza maji ya kunawa, nikatoka kumwonyesha. Naandika hivi bila kujipunguzia.

Nikaanza kuchanganya. Nilitengeneza kaseti ya kwanza ya majaribio, nikaituma Kilema kwa mama mmoja aliyekuwa akishuka na ndizi siku za soko, maana simu huko juu hazikuwepo. Baada ya siku kadhaa mama yule akaniletea karatasi ya miraba imekunjwa mara nne: Kazi nzuri. Ongeza besi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema, kumbe huko migombani kuna mtu anajua muziki. Nikalipandisha gitaa la Gaudensi, nikatuma ya pili. Jibu: Bado. Ongeza besi sana. Nikalipandisha tena. Gitaa likavimba, likajaa chumba chote, trei za mayai zikawa zinaachia gundi. Kaka Rogati akachungulia mlangoni, akasema, Sesi, utatubomolea nyumba, akaenda zake, kwa kuwa siku hizo alikuwa na mambo ya Dar kichwani kuliko hata mimi. Karatasi ya tatu ilikuwa na maneno mengi kidogo: Besi, tafadhali. Mzee Aloisi anaingia hospitali wiki ijayo na angependa kuisikia.

Niliisoma mara mbili. Nikajiuliza mzee wa watu amelipendea wapi gitaa namna hii. Nikamwambia hata Gaudensi, siku aliyopita studio, kwamba ana shabiki mwenye mvi huko Kilema, tukacheka wote. Halafu nikakaa chini nikafanya nilichoombwa kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifanya kwa moyo wote. Nilipandisha gitaa mpaka mshale wa kipimo ukalala upande mwekundu. Ili lisipasuke, ikabidi nishushe vingine vyote. Mwalimu naye huko kwake alikuwa na redio ndogo, spika yake kama kisosi. Redio ya namna hiyo gitaa nene haiwezi kulitoa kabisa. Kwa hiyo hakusikia gitaa lolote. Alichokisikia ni wanaume wake wanazama, kila kaseti wanazama zaidi, naye kila mara anaandika, ongeza besi. Siku moja tu, yeye angeshuka au mimi ningepanda, tungeelewana kabla chai haijapoa. Yeye alikuwa na shule, na kahawa ilishaanza kuiva. Mimi nilikuwa na begi.

Tukazidisha kaseti, nikaandika majina ya nyimbo zote nane kwa mwandiko wangu ule mzuri, nikaomba nizipeleke mwenyewe. Nilivaa gauni jipya. Nilikwenda kusifiwa, sina la kuficha. Walinipeleka moja kwa moja kwa Mzee Aloisi, ambaye alikuwa ameshatoka hospitali, na majirani walikuwa wamejaa sebuleni: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ukutani, picha ya Moyo Mtakatifu, na mezani redio kubwa ya spika mbili ambayo kijana wao mmoja alikuwa ameiacha. Nilimwamkia mzee shikamoo. Alikuwa na bandeji shingoni. Alifungua mdomo, na marahaba yake ikatoka hewa tupu, kama mtu anapuliza uji wa moto. Nikajua. Nilikumbuka jikoni, chungu, na maneno ya Mama Felista, na hata hapo, mtanisamehe, bado niliona kaseti yangu ndiyo itakayomfurahisha.

Ikawekwa. Gitaa likaingia, kalenda ikatetemeka ukutani, kijana mmoja akasema huu sasa ndio muziki. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, ameelekeza sikio moja redioni. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu ulipofika katikati akainua mkono, na Mama Felista akazima. Mzee akaongea, lakini hakuna aliyemsikia, hivyo mkewe akainama, akamsikiliza, akasimama mbele yetu wote na kurudia kwa sauti, kwa upole tu, kama mtu anayetafsiri misa:

"Anauliza, yeye yuko wapi?"

Mwalimu Prosperi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alinigeukia. Sijamwona akikasirika kabla ya siku ile wala baada yake, na hata siku ile sina hakika kama ilikuwa hasira.

"Nilikuandikia mara tatu uongeze besi."

"Niliongeza, Mwalimu. Niliongeza mpaka mwisho."

"Besi ipi?"

Nilitazama wale watu mmoja mmoja, wazee kwa watoto, na nikaona kwamba hakuna hata mmoja pale ambaye angehitaji kujibiwa swali lile. Wamezaliwa wanalijua. Kwenye kwaya kuna sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na besi, na besi ni watu. Huyu mtu mwenye bandeji alikuwa besi kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilitoka mahali ambapo besi ni nyuzi nne na kipande cha mbao, nikamzika mzima kwa kitu chenye jina lake. Nikasema samahani. Nikasema tena. Nikawaachia boksi la kaseti mezani, nikateremka kwa miguu, sikungoja gari, gauni langu jipya likijaa tope, na sikuwahi kutembea haraka namna ile nikiwa sina mahali ninapowahi.

Kesho yake nilipofika Pasua, chumba kilikuwa kitupu nusu. Safari ya Dar ilikuwa asubuhi inayofuata. Kaka Rogati alikuwa amelishusha godoro dirishani na kufungasha mitambo, na yeye mwenyewe amekwenda kuaga watu. Niliipata ile kaseti ya njia nne, kaseti mama, ila mashine ya kuisikilizia ilikuwa ndani ya boksi, imefungwa kamba ya manila; sikufungua fundo, nilikata. Kaseti nzuri zilikuwa adimu, na kazi ikishatoka tulizoea kurekodi nyingine juu yake. Nyimbo saba zilikuwa zimefutwa: tangazo la dawa ya mbu, la duka la viatu, bendi moja ya vijana wa Himo. Nikaendelea kusogeza. Mwisho kabisa wimbo wa nane ulikuwepo, wa shukrani za mavuno, mzima, njia zote nne.

Nje mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na foleni ya akina mama ilikuwa ndefu, ndoo za mahindi zimepangwa mpaka barabarani. Nilimwendea msagaji nikamwomba azime kwa saa moja. Alidhani natania. Wale akina mama wakanijia juu, kila mmoja na lake, mmoja ameacha mgonjwa, mwingine ameacha maziwa jikoni. Nikawaambia jinsi ilivyo, kwamba kuna mzee amekatwa koo na sauti imekwenda, iliyobaki iko ndani ya hicho chumba, na mimi siwezi kuisikia wakiwa wanasaga. Mama mmoja mnene, wa mbele kabisa, akaniuliza ni baba yangu? Nikasema hapana. Ni babu yangu? Nikasema hapana, nilimkosea tu. Akanitazama kidogo, akageuza ndoo ya mwenzake iliyokuwa tupu, akaikalia.

"Zima," alimwambia msagaji.

Kimya kile sitakisahau, Pasua mchana kweupe na unga unaanguka taratibu. Nilishusha gitaa kwanza, na kulishusha kuliniuma kama najikata mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa limepigwa vizuri, masikini. Nikalishusha mpaka likabaki kama hatua za mtu chumba cha pili. Mzee hakutokea. Nikapandisha wanaume, wakanijia wale wa sauti ya tatu, wanapiga kelele, na yeye bado yuko nyuma yao mbali. Nikataka kukata tamaa. Nikarudisha, nikasikiliza kila njia peke yake, jambo ambalo kwa mwaka mzima sikuwa nimelifanya hata mara moja, na ndipo nikausikia mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Ulikuwa umekaa pale pale anapokaa mzee, noti kwa noti, kwenye kiti chake. Nikapunguza unene wa kinanda. Nikapunguza tena. Nikazipunguza zile sauti za juu za wanaume kidogo, kidogo sana. Na akaja. Mara hii sikumwongeza hata chembe. Niliwaondoa tu waliomkalia, na akawa yupo, mpana, hana haraka, kwenye ubao wa meza chini ya viganja vyangu. Nililia. Nililia mpaka unga ukawa uji mashavuni, na nikarekodi hivyo hivyo nikilia, na nikatoka kumwambia msagaji awashe.

Kaka Rogati alirudi alasiri, akakuta kamba imekatwa na mashine ina moto. Hakufoka. Aliomba asikie, nikampigia, akasikiliza wote akiwa amesimama na kofia mkononi. Akasema ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na hakuna mtu atakayeicheza. Kisha akasema mtu anayefungua boksi alilolifunga yeye, hawezi kwenda naye kuanza maisha. Nilifikiri ananitisha tu. Asubuhi nilipofika na begi langu, mlango ulikuwa na kufuli. Nitasema na hili pia, kwa kuwa watu wanapenda hadithi ziwe nzuri: sikujiona shujaa. Nilitoa nguo kwenye begi moja moja, zimejikunja tangu masika, na kwa wiki mbili nzima nilimchukia Mzee Aloisi.

Ile kaseti ilikaa mfukoni mwangu muda huo wote. Aliyenisukuma ni yule mama wa ndizi, ambaye kumbe habari yote anayo. Aliniambia usiende kule na mdomo mtupu, nenda na isale. Mchagga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, humwachi amesimama nalo. Nilimwambia Pasua nitalipata wapi, akaniangalia kama mtu asiye na akili. Basi nikapanda, na sikuliona njia nzima, au labda niliogopa kuchuma kwa watu, mpaka nikafika kwenye kihamba cha mzee, shamba lake la migomba, na ua wake wote, toka barabarani mpaka mlangoni, ulikuwa ni masale. Nikachuma hapo. Ninapochuma nasikia mtu anacheka nyuma yangu, anacheka mpaka anashika kiuno, na ni Mama Felista na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasema, msichana anakuja kumwomba mume wangu msamaha kwa jani la mume wangu. Akanishika mkono, akaniingiza hivyo hivyo.

Mzee alilipokea. Aliliweka mezani, kando ya redio, akaashiria niweke kaseti. Hapakuwa na majirani safari hii, ni sisi watatu na kuku mmoja mlangoni. Wimbo ulipoanza aliegemeza kiganja juu ya redio, na nikaona usoni mwake kwamba amejisikia. Midomo ikaanza kutembea. Alikuwa anaimba na yeye mwenyewe, neno kwa neno, anavuta pumzi pale pale anapovuta mle ndani, bila sauti hata kidogo, na mle ndani sauti inatoka. Mama Felista alitazama pembeni. Ulipokwisha mzee aliniambia, rudisha, nikarudisha. Tukarudisha mpaka betri zikaanza kulegea na yeye mle ndani akaanza kuimba polepole kama mlevi, na hapo tukacheka sote. Aliniambia aika, asante ya Kichagga, kwa ile hewa yake, na nikateremka na mkungu wa ndizi mshare begani.

Jumamosi nilifika Kilema mapema kuliko waliochimba kaburi. Mzee aliishi miaka zaidi ya thelathini baada ya mwaka ule, na katika miaka yote hiyo, wananiambia, hakuacha kwaya. Kila Jumapili alisimama mwisho wa mstari wa wanaume, akafungua mdomo, asitoe kitu, na wale wengine walikuwa wanasema bado wanamwegemea. Jeneza lilikuwa limewekwa uani chini ya turubai, migomba inalitia kivuli. Mama Felista, mdogo sasa, amejikunja ndani ya kanga mbili, alinishika mkono akaniuliza kama safari hii nimekuja na jani langu mwenyewe. Nilikuwa nalo.

Ikafika zamu ya wimbo. Mtu wa spika, mwanaume wa makamo, spika zake mbili ndefu kuliko mimi, alikuwa ameambiwa wimbo ni wa zamani, hivyo akausaidia kwa namna anavyojua: alifungulia unene wote. Lile gitaa nililolizika nikalisikia linaamka, linapiga mabati. Wanaume wa kwaya walitazamana. Nilikuwa nimeshasimama, kama kawaida yangu, miguu imetangulia, ninakwenda kwa yule mtu wa spika nikiwa nimeshaamua la kufanya. Nikapita mbele ya Mwalimu Prosperi, kwenye kiti chake cha plastiki, mikono juu ya fimbo, masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha. Akanishika gauni.

"Sesi. Ongeza besi."

Nikasimama. Nikachuchumaa mbele yake, mpaka tukawa tunatazamana, watu wote wakitungoja, na nikamuuliza swali lile lile aliloniuliza mwaka ule.

"Besi ipi, Mwalimu?"

Aliinyanyua fimbo yake, akaielekeza kwenye jeneza. Nikaenda kwenye mitambo, nikapunguza vingine vyote.